Maswali ya Wasomaji: Kucheza Doom kwa Ushirika, Mmoja Dodoma na Mwingine Singida

Wiki hii tumepokea barua nne zinazozungukia jambo moja, na zote zimetoka kanda ya kati. Tumeifupisha kila moja, kisha tumeijibu kwa kadiri inavyohitaji.

Swali

Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma, na ninakaa Nkuhungu. Mdogo wangu anafanya kazi Singida. Utotoni tulicheza Doom, mchezo wa kompyuta wa kupiga mazimwi risasi, kwa kupokezana kibodi moja, na sasa tungependa kuucheza mchezo huo pamoja jioni, kila mmoja kwenye kompyuta yake, tukiwa upande mmoja dhidi ya mazimwi. Mimi nina nakala ya Doom II, yaani mwendelezo wake, niliyoinunua Steam, duka la michezo la mtandaoni, naye ana nakala ya zamani ya CD. Tunatumia GZDoom, programu ya kuuendesha mchezo huo kwenye kompyuta za kisasa. Ninafungua mchezo kama mwenyeji, yeye anaandika anwani yangu ya intaneti, anasubiri, na mwisho haunganishwi. Tumenunua bando kubwa zaidi, lakini hali ni ile ile. Je, intaneti ya huku kwetu haina kasi ya kutosha?

*Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma*

Jibu

Ndugu msomaji, kasi mnayo ya kutosha na kubaki. Doom ilitolewa Desemba 10, 1993, wakati ambapo watu wawili waliokuwa nyumba mbalimbali waliunganisha kompyuta zao kwa modemu ya laini ya simu, kwa kasi ambayo leo isingefungua hata picha moja kwa subira ya kawaida. Kwa sababu hiyo wabunifu wake, kampuni ya id Software ya Marekani, waliubana mchezo kwa ustadi mkubwa. Kila sekunde imegawanywa katika vipande 35, na katika kila kipande kompyuta ya mchezaji hutuma amri zake tu, yaani amesogea, amegeuka, amefyatua, na amri hizo zote hukaa ndani ya baiti nane. Programu za sasa hutuma habari zaidi ya hizo, lakini bado ni kidogo mno ukilinganisha na video ambayo bando lako huibeba kila siku.

Kinachowakwamisha ni kwamba kompyuta ya mdogo wako haina njia ya kuifikia yako. Kampuni za simu hazina anwani za umma za kutosha kumpa kila mteja ya kwake, kwa hiyo wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja. Wewe ukifungua tovuti, jibu linarudi kwako kwa sababu ni wewe uliyeanza kuuliza, na mitambo ya kampuni inakumbuka. Lakini mtu wa nje akianza kubisha hodi kwenye anwani ile, mitambo haijui ampeleke kwa mteja yupi, na pakiti zake, yaani vipande vya data anavyotuma, zinatupwa kimyakimya. Ndiyo maana mdogo wako anasubiri bila hata ujumbe wa kukataliwa. Ukitaka kuhakikisha, fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako uangalie anwani iliyopewa upande wa intaneti, kisha ulinganishe na anwani inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukuambia anwani yako. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni mwake, au ikianza na 10, basi uko nyuma ya anwani ya pamoja, na kule kufungua poti, yaani mlango wenye namba wa kupitishia mawasiliano, kwenye ruta kunakoelezwa katika maelekezo mengi hakutakusaidia hata ukikufanya kwa usahihi kabisa.

Njia iliyo rahisi kwenu ni kutengeneza mtandao wa faragha juu ya intaneti, kwa programu kama ZeroTier, inayofanya kompyuta zenu mbili zionane kana kwamba zimo katika chumba kimoja. Mmoja wenu anafungua akaunti na kuunda mtandao, anapewa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 16, anamtumia mwenzake namba hiyo, na mwenzake akishaiingiza kwenye programu yake, mwenye mtandao anamwidhinisha kwenye ukurasa wa usimamizi. Hatua hii ya kuidhinisha husahauliwa sana, na bila hiyo mtandao unaonekana umeunganishwa huku hakuna kinachopita. Baada ya hapo kila kompyuta inakuwa na anwani ya pili, na hiyo ndiyo mtakayoitumia kwenye mchezo.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa programu ya kuchezea, maana hapa ndipo ninapokuwa na ushauri mzito zaidi. John Carmack, mwanaprogramu mkuu wa id Software, na wenzake waliuachia umma msimbo wa Doom, yaani maandishi ya programu yenyewe, Desemba 23, 1997, na tangu hapo zimezaliwa programu nyingi za kuuendesha mchezo kwenye kompyuta za kisasa. GZDoom ni nzuri sana kwa mtu anayecheza peke yake. Uchezaji wake wa mtandaoni, hata hivyo, umejengwa kwa namna ya kale: wote huanza pamoja, na kompyuta zote huenda kwa hatua moja, kiasi kwamba mmoja akichelewa wote wanamngoja. Programu za aina ya pili, ambazo Odamex na Zandronum ni mifano yake, zina seva, yaani programu kuu inayoushikilia mchezo wenyewe, na wachezaji huingia na kutoka wakati wowote. Kwa watu wanaoishi mahali ambapo umeme unaweza kukatika saa mbili usiku na mnara wa simu ukazidiwa saa tatu, tofauti hiyo ni kubwa. Umeme ukikatika Singida, wewe unaendelea kushikilia ukumbi ule, na mdogo wako akirudi anaikuta ramani pale mlipoifikisha. Bunduki alizokuwa amezikusanya atakuwa amezipoteza, lakini milango mliyoifungua iko wazi na mazimwi mliyoyaua yamelala.

Kwa hiyo ninawashauri mtumie Odamex. Inapatikana bure kwa Windows, Linux na macOS, na seva yake ni programu ndogo inayojitegemea iitwayo odasrv, ambayo unaweza kuiendesha kwenye kompyuta ile ile unayochezea.

Kabla ya kuwasha chochote, lakini, malizeni suala la faili. Ramani, picha na sauti za Doom II zimo katika faili moja liitwalo DOOM2.WAD, na faili hilo limetoka katika matoleo kadhaa kwa miaka mingi. Nakala yako ya Steam na nakala ya CD ya mdogo wako zina jina moja lakini huenda zisiwe sawa ndani, na seva hulinganisha alama ya utambulisho ya faili, si jina lake. Kwenye Windows, fungueni dirisha la amri, muandike certutil -hashfile DOOM2.WAD SHA256, kisha msomeane kwa simu herufi za mwanzo na za mwisho za alama itakayotokea. Zikilingana, mmevuka. Zisipolingana, msitumiane faili la kulipiwa, kwa sababu leseni yake hairuhusu. Tumieni Freedoom, ambalo ni kazi ya watu wa kujitolea walioandika upya ramani, picha na sauti zote ili zigawanywe kwa uhuru. Faili lake la freedoom2.wad mnaweza kulipakua mara moja na kulituma kwa flashi na basi la Singida kama bando ni la kubana, bila kumvunjia mtu yeyote haki. Ramani zake hamtazitambua, lakini bunduki na mazimwi yanatenda vile vile, na kwa ndugu wawili waliozikariri ramani za zamani, kuingia mahali wasipopajua kuna raha yake.

Mkiwa na faili moja, anzisha seva, na kwenye faili lake la mipangilio weka sv_gametype kuwa 0, ambayo ndiyo namba ya uchezaji wa ushirika. Weka nenosiri la kujiunga kwa join_password, na weka sv_usemasters kuwa 0 ili seva yenu isitangazwe kwa wageni. Mara ya kwanza fayawoli ya Windows, yaani ulinzi wake wa mtandao, itauliza kama odasrv iruhusiwe kupita. Iruhusu kwa mtandao wa faragha na wa umma pia, kwa sababu Windows mara nyingi huuhesabu mtandao wa ZeroTier kuwa wa umma. Mdogo wako atafungua Odamex na kuunganisha kwa anwani yako ya ZeroTier, poti 10666. Wewe mwenyewe utaunganisha kwa 127.0.0.1, ambayo maana yake ni kompyuta hii hii. Mkishaingia mtajikuta watazamaji tu, mkielea juu ya ramani bila mwili. Wengi hudhani hapo kuna hitilafu, kumbe kinachotakiwa ni kubonyeza kitufe cha kufungulia milango, ambacho kwa kawaida ni ule mwambaa mrefu wa nafasi, na mchezaji anashuka uwanjani.

Jambo la mwisho kwenu ni ucheleweshaji, ambao ni kitu tofauti na kasi ya bando. Umbali wa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi London ni takriban kilomita 7,500, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu hakuwezi kupungua milisekunde 75, na kebo za baharini haziendi moja kwa moja. Ndiyo sababu seva za bure zilizoko Ulaya huhisi nzito ukizicheza kutoka Dodoma, hata kwa bando la gharama. Ninyi wawili mko ndani ya nchi moja, na pakiti zenu zikipita Dar es Salaam kwanza bado safari ni fupi. Tahadhari iliyopo ni kwamba ZeroTier ikishindwa kuziunganisha kompyuta zenu moja kwa moja, hupitisha mazungumzo yenu kwa seva ya kati, ambayo inaweza kuwa bara jingine. Kwenye dirisha la amri andikeni zerotier-cli peers muone kama mstari wa mwenzako unasomeka DIRECT au RELAY. Ukisomeka RELAY, mmoja wenu ajaribu laini ya kampuni nyingine, kwa sababu mitambo ya kampuni hutofautiana katika jambo hili. Seva nayo ikae kwa yule mwenye umeme wa uhakika zaidi, kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima, na ruta yake iwe kwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba.

Ninapaswa kuongeza kwamba toleo la pamoja la Doom na Doom II lililotoka Agosti 2024 lina uchezaji wa mtandaoni ndani yake, wa ushirika na wa kushindana, hadi watu 16. Mdogo wako akilinunua, na nakala yako ya Steam ikiwa ni toleo hilo, lijaribuni kwanza. Likiwafaa, mmeokoa kazi yote niliyoieleza. Mimi bado naona seva yako mwenyewe ni bora, kwa sababu nenosiri, kanuni na saa ya kuanza vyote ni vyenu.

Swali

Mhariri, salaam. Sisi ni wanafunzi sita katika hosteli ya chuo kimoja hapa Dodoma. Tumeweka Odamex kwenye kompyuta zetu zote, na tuko kwenye waifai moja ya hosteli, lakini hakuna kompyuta inayoiona nyingine. Hata kupima kwa amri ya ping, ya kuulizia kama kompyuta nyingine inafikika, hakurudishi jibu. Intaneti yenyewe inafanya kazi vizuri. Tunakosea wapi?

*Wanafunzi sita, Dodoma*

Jibu

Vijana wangu, hamjakosea popote. Waifai za hosteli, hoteli na ofisi nyingi hupangwa makusudi ili kila kifaa kizungumze na intaneti tu na kisione kifaa cha jirani. Wasimamizi hufanya hivyo kumzuia mwenye kirusi asimwambukize wa chumba cha pili, na mwenye udadisi asichungulie mafaili ya wenzake. Historia ya mchezo wenyewe inawapa wasimamizi haki fulani, maana toleo la kwanza kabisa la Doom, lile la 1993, lilirusha pakiti zake kwa kila kompyuta iliyokuwa kwenye mtandao, hata zile zisizocheza, na mitandao ya vyuo na ofisi za Marekani ikalemewa hadi baadhi wakaupiga marufuku. Kasoro hiyo ilirekebishwa mapema mwaka uliofuata. Kwa hiyo msimwombe msimamizi alegeze ulinzi wa hosteli nzima kwa ajili ya watu sita.

Mnachohitaji ni mtandao wenu mdogo, na mtandao huo hauhitaji intaneti wala bando hata kidogo. Ruta yoyote ya zamani, hata isiyo na laini, ikiwashwa tu inazipa kompyuta zenu sita anwani na kuziacha zionane. Mmoja anaendesha odasrv, anawasomea wenzake anwani yake, ambayo mara nyingi huanza na 192.168, na mchezo unaanza. Kama hakuna ruta, washeni hotspot ya simu janja moja huku data ikiwa imezimwa. Simu nyingi huruhusu vifaa vilivyounganishwa kuonana, ingawa si zote, kwa hiyo jaribuni simu mbili tatu. Mkiweza kupata swichi ndogo ya mtandao na nyaya zake, fanyeni hivyo kwanza, kwa sababu waifai ya chumba kilichozungukwa na waifai nyingine ishirini hupoteza pakiti, na katika mchezo huu pakiti iliyopotea unaiona kama zimwi linaloruka kutoka nguzo moja hadi nyingine. Msijali ubora wa kompyuta. Mchezo huu uliandikwa kwa mashine za zamani zenye prosesa ya 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4, hivyo kompyuta chakavu iliyoondolewa ofisini inaumudu vizuri.

Swali

Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka 10 ameniomba ruhusa acheze Doom kwa intaneti na binamu zake wakubwa walioko Dodoma mjini. Niruhusu?

*Mama, Kondoa*

Jibu

Mama, mfumo wa madaraja wa Marekani umeuweka mchezo huu katika kundi la miaka 17 na zaidi, kwa sababu ya damu na picha za kutisha, na mimi ninaona daraja hilo ni la haki hata kama picha zenyewe ni za zamani. Kwa mtoto wa miaka 10 ningesema asubiri. Ipo michezo mingine ya ushirika isiyo na umwagaji damu, ambayo binamu zake wanaweza kuicheza naye kwa seva ya familia yenye nenosiri, kwa njia ile ile niliyomweleza msomaji wa Nkuhungu, ili hata katika mchezo huo asikutane na wageni.

Swali

Mhariri, sisi wanne wa Mpwapwa tumefanikiwa kuunganika na tunacheza kwa ushirika, lakini kila siku tunamaliza kwa ugomvi. Mmoja akichukua bunduki nzuri wengine wanabaki na bastola, tunapigana risasi wenyewe kwa wenyewe kwa bahati mbaya, na tukiwa kwenye korido nyembamba hatupishani. Pia tunaona mazimwi mengi kuliko mtu anapocheza peke yake. Je, mchezo umeharibika?

*Wachezaji wanne, Mpwapwa*

Jibu

Ndugu zangu, mchezo ni mzima. Waliochora ramani za Doom waliweka alama kwenye baadhi ya vitu ili vitokee tu pale wanapocheza watu wengi, ndiyo maana mnakuta mazimwi ya ziada, na mkitazama vizuri mtaona bunduki na risasi za ziada pia, wakati mwingine karibu kabisa na mahali mnapoanzia. Kila ramani ina sehemu nne za kuanzia kwa wachezaji wa rangi nne, yaani kijani, kijivu, kahawia na nyekundu, kwa hiyo idadi yenu ndiyo hasa iliyokusudiwa.

Mengine ni mipangilio ya seva, na hapa ninachukulia kwamba mnatumia Odamex. Wekeni sv_weaponstay kuwa 1, na bunduki itakayookotwa itabaki pale pale kwa ajili ya wanaofuata. Hivi ndivyo ushirika ulivyokuwa tangu mwanzo, na ninashangaa kwenu imezimwa. Wekeni sv_unblockplayers kuwa 1 ili mweze kupitana kwenye korido. Kuhusu kupigana risasi wenyewe kwa wenyewe, sv_friendlyfire ikiwa 0 risasi zenu hazitawadhuru wenzenu, lakini ninawaomba mfikirie kabla ya kuizima. Katika mchezo wa asili risasi ya mwenzako inaumiza, na hofu hiyo ndiyo inayowafundisha wachezaji kupanga nani aende mbele, nani alinde mgongo, na nani asirushe roketi kabisa kwenye chumba chenye rafiki. Watu wanne waliocheza mwezi mmoja kwa kanuni hiyo husogea kwa utaratibu unaopendeza kuutazama. Wageni wanaojifunza, hata hivyo, waizime kwanza.

Kiwango cha ugumu kiwekeni sv_skill 3 mwanzoni, mpande hadi 4 mnapozoea. Cha 5 kiacheni, kwa sababu mazimwi yaliyokufa hufufuka, na risasi huwaishia watu wanne haraka sana.

Anayekufa katika ushirika harudishi ramani mwanzo. Yeye mwenyewe anaanza tena kwenye sehemu yake akiwa na bastola na risasi 50, na kwa kanuni za asili amepoteza funguo zake. Funguo hubaki mahali pake ramanini, lakini kuzifuata tena peke yako umbali wote ule ni kazi, hivyo mmoja wenu aende kumsindikiza. Na kwa kuwa mtu yeyote akibonyeza swichi ya kutokea huwahamisha wote kwenda ramani inayofuata, kubalianeni kwamba hakuna atakayeigusa kabla hajawauliza wenzake na kuwasubiri waliokuwa wamekufa wafike tena kwenye bunduki zao, kwa sababu atakayevuka akiwa na bastola ataianza ramani mpya akiwa na bastola hiyo hiyo.